Mtambo wa Upepo wa Mota ya Mashine ya Kufulia, kutoka Karakana ya Makambako

Mwezi Aprili nililipa shilingi 420,000 katika karakana moja ya Makambako, si mbali na pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, ili nitengenezewe mtambo mdogo wa upepo wa kuwashia taa za banda la kuku. Nimeutumia kipupwe chote, na sasa naweza kuusemea.

Kilichonivutia zaidi ni mota yenyewe. Fundi huitoa katika mashine mbovu ya kufulia, ile ambayo pipa lake huzungushwa moja kwa moja bila mkanda, kwa kuwa mota ya namna hiyo ina sumaku za kudumu na hutoa umeme mara tu inapozungushwa. Mteja aliyenitangulia alikuwa ameleta mota ya pangaboi, akarudishiwa kwa upole, maana ile haina sumaku za kudumu na hata ikizungushwa kutwa haitatoa kitu cha maana. Kabla sijalipa, fundi alinipa mota niizungushe kwa mkono, ikawa inakwenda kwa kukwamakwama, kama kitu kinachoshikwa na kuachiwa. Kisha akaziunganisha nyaya zake tatu pamoja, akaniambia, "Zungusha tena, mzee." Ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Hiyo ndiyo breki yake, akasema, nami nikaelewa kwa vidole vyangu jambo ambalo maelezo ya nusu saa yasingeniingia.

Koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani ya mota, alizigawa upya katika makundi, kwani zikiachwa zilivyotoka kiwandani hutoa volti nyingi na ampea chache, hali isiyoifaa betri ya volti 12. Umeme huo wa fezi tatu hupitishwa kwenye daiodi, vifaa vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, ndipo uingie kwenye betri. Lehemu zake ni safi, sina la kulaumu.

Mapanga ni matatu, yamechongwa kwa bomba la plastiki la inchi 6, na kipenyo chake ni mita 2. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Ndiyo maana usiku wa Julai taa sita ziliwaka hadi alfajiri, ilhali asubuhi tulivu za Mei mtambo ulisimama tu, umeng'ang'aniwa na sumaku zake. Wati 300 nilizoahidiwa sikuziona hata siku moja. Kipimo changu cha juu kabisa kilikuwa ampea 11, na tukumbuke kwamba huku kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo husukuma mapanga kwa nguvu kidogo zaidi.

Kasoro kubwa ilikuwa mkia. Ulichomelewa ukakaza, hivyo upepo ukizidi mtambo haukuweza kugeuka kuukwepa, na usiku mmoja panga lilikatika likatoboa bati la banda. Fundi alilibadilisha panga hilo bila malipo, lakini baada ya wiki tatu na safari mbili za kumfuata. Vilevile hakuweka kifaa cha kupokea umeme wa ziada betri inapojaa, hata maji ya betri yakaanza kuchemka. Mwenye kuagiza adai kifaa hicho kabla ya kulipa.

Mwezi Septemba niliongeza shilingi 35,000, akanitengenezea mkia wenye bawaba unaojikunja. Umefungwa vizuri, ila bado haujakutana na upepo wa Julai.