Yamaha Enduro 15 kwenye tope la delta ya Rufiji

Mwaka wa tatu sasa naendesha boti ya faiba kutoka Nyamisati kuingia vijiji vya delta, abiria na mizigo, na mashine ni hii hii, Enduro ya kufunga nyuma ya boti. Anayeniuliza kama inafaa, nami namuuliza: unafanya kazi maji gani? Kama ni bahari safi, zipo zinazokunywa mafuta kidogo. Hii ni ya kuchanganya petroli na oili, na inakunywa kweli. Mimi naipendea tope.

Masika maji ya Rufiji yana rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo hayo ndiyo yanayopoza mashine, mchanga wake ukiwemo. Kinacholika kwanza ni impela, kile kigurudumu cha mpira kilichomo mguuni, sehemu ya mashine inayozama majini, kinachovuta maji na kuyapandisha juu. Ndiyo maana jicho langu halibanduki kwenye mkojo wa mashine, ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka nje. Ukiwa mwembamba tu nazima hapo hapo, nashika pondo, naangalia kama ni jani au tope limeziba. Mashine ya aina hii haifi kwa uzee, inakufa kwa joto.

Mwaka jana nilinunua impela ya bei rahisi katika duka moja mjini. Haikumaliza mwezi, mabawa mawili yakakatika. Nikaweka nyingine, bado maji yakatoka kidogo, kwa sababu vipande vilishapanda na kukaa kwenye njia za maji. Fundi alishinda siku nzima akivitafuta. Tangu hapo nanunua halisi, na moja ya akiba haikosi botini.

Maji yakipwa wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndipo utakapoipenda. Unaweka mguu kwenye kituo cha maji mafupi, unapita juu ya fungu taratibu. Usiongeze mwendo hapo, na matundu ya kunyonyea yabaki chini ya maji, la sivyo itavuta hewa. Kitovu cha pangaboi kina mpira ndani. Nimeshagonga mizizi ya mikoko mara nyingi, mpira ukateleza, gia zikabaki nzima. Na ni nyepesi. Tukikwama kabisa, mimi na kijana wangu tunaivua na kuibeba.

Kule midomoni mwa mto chumvi nayo haina huruma. Kila jioni naizamisha kwenye pipa la maji ya kisima, naiwasha bila gia dakika kumi. Oili ya gia naitazama mara kwa mara: ikigeuka nyeupe kama tui, sili, ule mpira wa kuzuia maji, imepitisha maji, na safari ya kesho haipo.

Mwezi mpevu ni keshokutwa, bamvua linaingia. Leo jioni naufungua mguu, niitazame impela.