Tundu Lililokaa Kombo: Uzoefu Wangu na Santuri ya Chris Squire

Upande wa kwanza wa santuri hii ni miongoni mwa vitu bora kabisa nilivyowahi kuvilipia fedha, na upande wake wa pili ni aibu ambayo hakuna mtu mzima aliyepaswa kuiweka rafuni na kuibandika bei. Ninaizungumzia Fish Out of Water, albamu ambayo Chris Squire, mpiga gitaa la besi wa bendi ya roki ya Kiingereza ya Yes, aliitoa mwaka 1975, na ambayo mimi nilinunua toleo lake jipya la santuri, majira ya baridi yakielekea ukingoni, katika duka moja la hapa Uingereza ninakoishi. Duka silitaji. Waliomo ndani yake wakisoma watajijua.

Aibu hiyo ni ya uchapaji, si ya muziki. Upande huo wa pili una nyimbo mbili tu. Lucky Seven inakwenda kwa mapigo saba badala ya manne tuliyoyazoea, saksafoni ya Mel Collins ikizungumza juu ya besi kwa utulivu kana kwamba kuhesabu hadi saba ni jambo la kila siku. Baada yake inakuja Safe, ambayo inachukua robo saa hivi, na ambayo kwa hakika ndiyo niliyoinunulia santuri yote: wazo dogo la sauti chache linaanza kwa upole, linapokezanwa kutoka chombo hiki hadi kile, okestra inajiunga nyuma yake bila haraka, mpaka unafika mahali ambapo hujui tena kama unasikiliza bendi ya roki au kitu kingine ambacho hakijapewa jina.

Santuri ina tundu moja, lakini kila upande huchapwa kwa bamba lake. Katika nakala yangu bamba la upande wa kwanza lilikaa sawa, na la upande wa pili lilikaa kombo, kwa hiyo mifereji ya upande huo inalizunguka tundu kwa kuchechemea. Kosa lenyewe huenda halizidi milimita moja. Ukitazama, utauona mkono wa sindano ukiyumba kulia na kushoto, na ukisikiliza, utaisikia sauti ikipanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, yaani kila baada ya sekunde 1.8, kwa kuwa santuri za aina hii huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Karibu na ukingo wa nje sikio linaweza kusamehe, hasa Bill Bruford anapokuwa kwenye dramu, maana mapigo yake makavu hayaachi sauti inayodumu kiasi cha kuyumba. Lakini kadiri sindano inavyosogea ndani mzunguko unapungua, na milimita ile ile inakuwa sehemu kubwa zaidi ya mzunguko huo, hata kuyumba kunapita maradufu ya kule nje. Ni huko ndani hasa, kwenye dakika za mwisho za Safe, ndiko Squire na mpangaji wake wa okestra, Andrew Pryce Jackman, walikoziweka zile sauti ndefu za nyuzi. Mtu aliyekua akisikiliza taarabu ya Unguja, fidla zikiwa zimeketi safu nzima, hahitaji kufundishwa namna fidla iliyotoka kwenye sauti yake inavyokera. Hapa ilikuwa okestra nzima iliyopakiwa kwenye ngalawa na kupigwa na mawimbi ya ubavuni.

Niliirudisha dukani na risiti yake. Nilidhani lingekuwa jambo la dakika chache, kwa sababu sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inasema wazi kwamba bidhaa yenye kasoro inaweza kurudishwa ndani ya siku 30 na fedha zikarejeshwa zote, nami nilikuwa ningali ndani ya muda huo. Aliyekuwa kaunta alikuwa kijana wa makamo, mwenye ndevu zilizotunzwa kuliko bidhaa zake. Aliichukua santuri bila kunitazama, akaiweka kwenye mashine ya duka, akacheza upande wa kwanza. Nikamwambia kwa adabu kwamba kasoro iko upande wa pili. Akaniashiria kwa kiganja ninyamaze, akasikiliza nusu ya wimbo, akasema haoni tatizo. Nikarudia kwamba upande huo hauna tatizo na sikuwa nimelalamikia upande huo. Alipoigeuza hatimaye, aliiweka sindano mwanzoni kabisa, pale pale ambapo nimeeleza kwamba kasoro husikika kwa uchache, na ilinibidi kumwomba zaidi ya mara moja ndipo akakubali kuisogeza hadi mwisho.

Okestra ikayumba duka zima. Mteja mmoja aliyekuwa akipekua masanduku aliinua kichwa na kukunja uso. Na yule bwana, bila haya, akaniambia: “Muziki wa zamani wa namna hii ndivyo ulivyo. Walikuwa wakijaribu mambo.”

Sentensi hiyo imenikaa kooni tangu siku ile. Ningeweza kumvumilia mtu asiyejua, kwa sababu hakuna anayezaliwa akijua mifereji ya santuri. Huyu alikuwa anajua, maana macho yake yalikuwa juu ya mkono wa sindano uliokuwa ukicheza mbele yake, lakini aliona ni rahisi zaidi kumsingizia marehemu. Squire alifariki mwaka 2015, hawezi kuja kaunta kujitetea. Nikamwonyesha kwamba kuyumba kunakuja kwa nafasi ile ile ya chini kidogo ya sekunde mbili, wimbo ukienda polepole ama ukienda mbio, jambo ambalo mwanamuziki hawezi kulifanya hata akitaka. Akajibu kwamba watu wanaosikiliza muziki huu huwa wana masikio ya ajabu.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko matusi. Akaenda kwenye sanduku, akachomoa albamu nyingine mbili, akazitupa juu ya kaunta: Beginnings ya Steve Howe, mpiga gitaa wa Yes, na Ramshackled ya Alan White, mpiga dramu wao. “Chagua moja,” akasema. “Bei ni hiyo hiyo, na zote ni Yes ile ile.”

Zote ni Yes ile ile! Baada ya ziara za albamu yao ya Relayer ya mwaka 1974, wanachama watano wa bendi hiyo walikwenda kila mmoja njia yake kurekodi albamu yake binafsi, na zilitoka zote kati ya 1975 na 1976. Jambo zima lilikuwa kuona nini kinabaki mtu anapoondolewa kwa wenzake. Jon Anderson, mwimbaji wao, alijifungia akaimba sauti zote na kupiga vyombo vyote vya Olias of Sunhillow kwa mikono yake, pamoja na vile ambavyo hakuwa akivimudu vizuri, na matokeo yake ni kisa cha safari ya chombo cha angani ambacho ama utakipenda ama kitakupa usingizi. Patrick Moraz, Mswisi aliyeshika vinanda baada ya Rick Wakeman kuondoka, alichanganya mitambo yake na ngoma za wapigaji wa Brazil. White aliwakusanya marafiki wa kabla ya Yes, wakapiga muziki mwepesi wa kuchangamka ambao hata hauna haja ya kumjua yeye ni nani. Howe aliamua kuimba, na hapo ninaomba niishie, kwa sababu ninakiheshimu kidole chake kimoja cha gitaa kuliko sauti za waimbaji wengi. Kumwambia mtu achukue moja badala ya nyingine ni kumwambia kwamba hajui alichokuja kununua.

Na bado, hapa hasira yangu inanigeukia, kwa maana neno la yule bwana lina punje ya ukweli inayoniudhi. Kati ya zote tano, ya Squire ndiyo inayofanana na Yes kuliko nyingine. Bruford alikuwa mpiga dramu wa Yes hadi mwaka 1972 alipohamia bendi ya King Crimson, Moraz alikuwa ndani ya Yes wakati huo huo, na sauti ya Squire mwenyewe ni ile tuliyoizoea nyuma ya Anderson, isipokuwa sasa imesogea mbele. Kuna saa nimejiuliza kama huyu kweli alitoka nje ya nyumba au alihamia chumba cha pili tu. Silently Falling, kwa mfano, inapofika kwenye kinanda cha Moraz kinachokimbia, ingeweza kuingizwa katika albamu ya bendi na hakuna ambaye angeuliza.

Lakini hapana. Ukisikiliza vizuri, hakuna mpiga gitaa aliyealikwa. Squire anagusa gitaa la nyuzi 12 hapa na pale, basi. Nafasi yote ambayo Howe angeijaza imeachiwa besi, na besi inaijaza bila kupiga kelele. Alikuwa na besi yake ya Rickenbacker, akiipiga kwa kipande kigumu badala ya ncha za vidole, na kwa miaka mingi alizoea kuigawa sauti yake njia mbili, uzito ukienda kwenye kikuza sauti kimoja na ukali kwenye kingine, ndiyo maana unamsikia akinguruma chini na kuimba juu kwa wakati mmoja. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunajua kumsikiliza mpiga besi, tunajua kwamba miguu humfuata yeye. Hapa nilimsikia kwa mara ya kwanza mpiga besi ambaye okestra ndiyo inayomfuata.

Halafu kuna kinanda cha mabomba katika wimbo wa kwanza, Hold Out Your Hand. Kilirekodiwa katika kanisa kuu la St Paul's jijini London, na aliyekipiga ni Barry Rose, ambaye Squire na Jackman walipokuwa watoto aliwafundisha kwaya katika kanisa la Kingsbury. Sijui bendi nyingi za wakati ule ambazo kijana wa roki angemrudia mwalimu wake wa kwaya na kumwomba aje kupiga naye. Upande wa kwanza, uliochapwa sawasawa, kinanda hicho kinaingia chini ya besi na sakafu ya nyumba yangu inakijua kabla ya masikio. Nimeucheza upande huo mara nyingi tangu ugomvi ule, na kila mara nikiusikiliza ninakasirika upya, kwa sababu unathibitisha kwamba walioichapa wanajua kazi wanapotaka kuijua.

Ugomvi wenyewe uliisha hivi. Yule bwana alipoona sitachukua Howe wala White, na kwamba yule mteja mwingine amebaki kusikiliza, alifungua droo ya fedha kwa kishindo akasema atanirudishia bei yote, nimwachie santuri. Nilikuwa nimeipata haki yangu. Nikaitazama santuri mkononi mwake, nikafikiri kwamba itarudi rafuni siku hiyo hiyo na atauziwa mtu mwingine, na nikafikiri upande wa kwanza. Nikamwambia anipe nusu ya bei, nami nibaki na nusu iliyo nzima. Akacheka. Nikasema sifanyi mzaha, nyimbo tatu ziko sawa na mbili hazifai. Akasema duka haliuzi nusu za santuri. Nikamjibu kwamba tayari limeniuzia mimi. Nikaichukua, nikaondoka na hasara yangu yote, na hadi leo mke wangu anaona kwamba kichaa alikuwa upande wa pili wa kaunta, yaani upande wangu.

Je, ninaipendekeza? Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msiinunue. Sasa ninasema inunueni, na upande wa pili usikilizeni kwa njia ya CD, ambako tundu likikaa kombo haliyumbishi sauti, mpate kujua namna Safe inavyofika mwisho pasipo kichefuchefu. Mwenye kutaka santuri kwa lazima amwombe muuzaji, kabla ya kulipa, acheze dakika tatu za mwisho za upande huo, naye asimame mahali anapouona mkono wa sindano. Duka ninalipa sifuri. Albamu nilitaka kuipa nyota tatu kwa sababu ya nusu niliyoikosa, kisha nimekisikiliza tena kile kinanda cha St Paul's, na nyota tatu ni dhuluma.

Nimemwandikia mwenye duka barua ya heshima, ndefu kuliko hii, nikimweleza habari za milimita ile na sekunde zile, na nikimwomba nusu ya bei. Majibu bado. Akiamua kunijibu, ninamsihi anitumie fedha, si Ramshackled.