Epson L8050 kwenye picha nyeusi na nyeupe

Kwa picha za rangi, studio ya Kisumu itaridhika kabisa na printa ya L8050. Picha nyeusi na nyeupe ndizo zinazofichua udhaifu wake. Ina rangi sita za wino: nyeusi, sayani, majenta, manjano, sayani hafifu na majenta hafifu. Ya kijivu haimo. Kijivu huundwa kwa kuchanganya rangi hizo, kwa hiyo matundu yanayotoa wino wa rangi moja yakiziba, rangi ya uso wa mtu pichani hubadilika. Kijivu kikielekea kijani, kagua majenta hafifu kwanza. Kikielekea wekundu, sayani hafifu.

Chapisha jaribio la matundu, yaani ukurasa wa mistari ya kila rangi, kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Mistari ikikatika, safisha kichwa cha kuchapisha (chenye matundu hayo) na ujaribu tena, ila usipite mara tatu: kila usafishaji hunyonya hata wino wa rangi zisizo na tatizo. Ikiwa bado imekatika, iache printa ipumzike kwa muda wa saa 12, kisha urudie. Stima ikipotea katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi na wino hukauka; ikirudi, washa printa mara moja ili kichwa kirudi mahali pake. Uizime kwa kitufe chake, kamwe si kwa swichi ya ukutani.

Ukitumia wino mweusi pekee, vitone huonekana mashavuni. Heri mchanganyiko. Unyevu wa ziwa huchelewesha kukauka, basi pima rangi baada ya saa 24, karibu na dirisha, si chini ya taa ya tyubu.

Anayeuza picha hizi kila siku anunue L8180, yenye wino wa kijivu.