Chaneli ya Eurovision ya YouTube: mapitio kwa watu wa jukwaa wa Dar

Fainali ya Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, huanza saa nne kamili usiku kwa saa za Dar es Salaam, Jumamosi moja ya mwezi Mei, na hadi pointi za mwisho zisomwe saa nane inakuwa imegonga. Anayepanga shoo hana haja ya kukesha. Vipande vyote hupakiwa kwenye chaneli ya shindano, wimbo mmoja mmoja, na kuvitazama ni bure. Mapitio haya ni ya huduma hiyo kama chombo cha kujifunzia kazi: kwa waandaaji, madansa, mafundi taa na waimbaji wa hapa mjini wanaotaka kujua maneno ya wimbo yanageukaje kuwa kitu kinachoonekana.

Kwa kazi hiyo, chaneli hii ni darasa zuri sana. Ila mwanafunzi asiyejua masharti ya shindano atatoka na somo bovu.

Masharti yenyewe ni haya. Wimbo usizidi dakika tatu. Jukwaani wasizidi watu sita, na wanyama ni marufuku. Muziki wote unatoka kwenye rekodi. Okestra iliondolewa tangu 1999, kwa hiyo gitaa na ngoma unazoziona ni za kushikwa tu. Sauti ya mwimbaji mkuu lazima iwe ya papo hapo, ingawa tangu 2021 sauti za waitikiaji zinaruhusiwa kurekodiwa. Kati ya wimbo na wimbo, watazamaji wa nyumbani wanaonyeshwa filamu fupi ya kama sekunde arobaini, na ndani ya sekunde hizo mafundi wanaondoa vitu vya nchi iliyopita na kuweka vya nchi inayofuata. Kila kitu unachokiona kimebanwa humo: lazima kiingie kwa magurudumu, kifungwe upesi na kitoke upesi.

Sharti la mwisho halijaandikwa popote. Watu wengi wanaopiga kura hawajui lugha ya wimbo. Hapo ndipo jukwaa linapogeuka mkalimani.

Ukumbi wa taarab wa Dar unakwenda kinyume kabisa. Mwimbaji anaweza kusimama palepale na maiki yake dakika kumi na tano, hana skrini wala fataki, na watu wakainuka meza kwa meza kwenda kutunza, kwa sababu fumbo limempata mtu na kila aliyekaa pale anajua limempata nani. Ukumbi huo ukiuongezea picha ya moyo unaovuja damu nyuma ya mwimbaji, umelitegua fumbo bure. Kwa hiyo chaneli hii isitazamwe kwa jicho la “tuige nini”. Itazamwe kwa swali moja: ni mstari gani wa wimbo umebebwa na jukwaa, na umebebwa kwa kitu gani?

Namna ya kuitumia. Chagua wimbo mmoja. Kabla hujagusa video, soma maneno. Tovuti ya shindano huyaweka pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Pigia mstari sentensi moja ambayo ukiifuta wimbo unakufa. Kisha sikiliza bila kutazama. Kisha tazama bila sauti, na karatasi yenye safu tatu: sekunde, neno linaloimbwa wakati huo, kinachoonekana. Kwenye kompyuta, ukiisimamisha video, kitufe cha nukta (.) kinasogeza picha moja mbele na kitufe cha mkato (,) kinairudisha nyuma. Kwenye simu, punguza kasi hadi 0.5. Wimbo una sekunde 180 tu, lakini karatasi hiyo ikifanywa kwa haki inachukua saa nzima. Kosa la kawaida ni kuanza na picha: jicho likishapata fataki, masikio hayarudi tena kwenye maneno.

Video inayolipa zaidi saa hiyo ni ya Serbia 2022, Konstrakta, wimbo “In corpore sano”. Mwanamke kavaa nyeupe, kaketi kwenye kiti, mbele yake beseni la maji. Ananawa mikono. Anaendelea kunawa huku akiimba kwa sauti kavu, kama anasoma maelekezo ya dawa. Pembeni yake wamesimama watu watano mithili ya makasisi, na taulo. Maneno yanaanza na swali la kipuuzi kuhusu siri ya nywele zenye afya za Meghan Markle, halafu yanageuka: msanii lazima awe mzima, maana bima ya afya hana. (Kwa wasanii wa Dar, mstari huo hauhitaji mkalimani.)

Tazama beseni linavyofanya kazi. Kunawa ni kitendo ambacho kila mtu duniani anakijua, na mwaka ule dunia ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye corona. Kinaipa mikono ya mwimbaji shughuli, kwa hiyo haipepei hewani bila sababu. Kikirudiwa mno kinaanza kutisha, na ndivyo maneno yenyewe yanavyosema kuhusu kuhangaikia afya. Kiitikio kina makofi, na ukumbi mzima ukaitika. Wimbo wa Kiserbia na Kilatini ukamaliza wa tano kwa pointi 312: majaji walitoa 87, watazamaji 225. Beseni lenyewe unalipata Kariakoo.

Linganisha na Uingereza 2021. James Newman aliimba “Embers”, wimbo kuhusu makaa yanayoweza kuwaka tena, huku pembeni kumewekwa tarumbeta mbili kubwa kuliko mtu. Tarumbeta zilitoka kwenye mpangilio wa muziki, wenye mdundo wa ala za kupuliza. Kwenye maneno hazimo. Asiyejua Kiingereza hakuona makaa wala moto wa kufufuka. Matokeo yalikuwa sifuri kwa majaji na sifuri kwa watazamaji. Sifuri ile ina sababu nyingi na tarumbeta haziwezi kubeba lawama yote, lakini ukiijaza ile karatasi ya safu tatu, safu ya neno na safu ya picha hazikutani hata mara moja.

Kukutana kwa neno na kitendo kuna mfano wa zamani unaofundisha kuliko mingi mipya: Bucks Fizz, kundi la Uingereza la wanaume wawili na wanawake wawili, Dublin 1981. Wimbo unafika kwenye maneno ya kutaka kuona zaidi, na palepale wanaume wawili wanawavua wenzao wa kike sketi. Ndani kuna sketi fupi. Hila ya sekunde moja, juu ya neno lake, si kabla wala baada. Walishinda kwa pointi 136 dhidi ya 132 za Ujerumani. Wanaorudia hila ya kubadilisha nguo kwenye maharusi ya mjini huiweka popote mdundo unapopanda, ndiyo maana haimshtui mtu.

Finland 2023 ipo njia hiyohiyo. Käärijä anaanza akiwa ndani ya sanduku la mbao, anatoka kwa kulipasua, na wimbo wa Kifini unahusu mtu mwenye haya anayekunywa hadi haya zimtoke. Watazamaji walimpa 376, wakamweka juu ya kila mtu, ingawa ushindi ulikwenda kwa Loreen wa Sweden kwa jumla ya 583.

Austria 2025 ni ya kutazamwa na mtu yeyote aliyekulia pwani. JJ, mwimbaji wa sauti ya juu ya opera, yuko kwenye chombo kidogo katikati ya dhoruba, picha nzima nyeusi na nyeupe. Maneno yanasema yeye ni bahari ya mapenzi na mpenziwe anaogopa maji. Sitiari ile ile tumeisikia kwenye nyimbo za pwani tangu enzi za majahazi, na hapa imechukuliwa kama ilivyo ikawekwa tanga. Inaponea chupuchupu kuwa picha ya kitoto kwa sababu ya rangi: bila buluu, bahari inakuwa filamu ya zamani badala ya kalenda ya hoteli. Alishinda kwa 436.

Salvador Sobral wa Ureno, 2017, tumpitie haraka kwa kuwa kila mtu humtaja. Jukwaa dogo katikati ya watu, hakuna fataki, Kireno kitupu, pointi 758 ambazo bado hazijafikiwa. Wanaomtumia kama ushahidi kwamba jukwaa halina kazi hawajamtazama mikono.

Sasa upande wa mafundi, ambako kuiga kunaumiza. Måns Zelmerlöw alishinda 2015 akicheza na mtoto wa katuni aliyechorwa kwa mwanga: anamgusa, wanagongana ngumi. Nusu sekunde ikipotea, uongo umeanikwa. Haipotei kwa sababu rekodi haibadiliki. Taa, picha na kamera vyote vinafuata saa moja. Mpangilio wa kamera nao umeandikwa kabla kwenye programu iitwayo CuePilot, mkato kwa mkato kwa kufuata mdundo, na kila mpiga kamera anajua zamu yake inayofuata.

Bendi ya Dar yenye ngoma za kupigwa na watu wanaokuja kutunza haiwezi kufungwa kwenye saa hiyo. Mtunzaji mmoja mwenye noti nyingi anarefusha kiitikio mara nne. Ukipanga mabadiliko ya taa kwa sekunde, giza litakuja katikati ya neno. Panga kwa mstari wa wimbo: mtu wa taa ashike beti, asishike saa, na akae pale anapowaona wapigaji wa bendi.

Tatizo la pili ni kwamba karibu kila unachokipenda humu kimetengenezewa kamera. Loreen wa 2023 amelala kati ya majukwaa mawili ya skrini, kamera iko usoni na kwenye kucha zake ndefu. Aliyekaa nyuma ya ukumbi anategemea skrini kubwa. Shoo ya viwanja vya Leaders isiyo na skrini pembeni ikijaribu hivyo, watu wataona mtu amelala. Kinachosafiri umbali huo ni umbo: mtu na sanduku, chombo na tanga, duara kubwa lenye kuyumba kama lile la Nemo wa Uswisi 2024.

Moshi pia. Ule unaotambaa sakafuni hutokana na barafu kavu kwenye maji ya moto, au mashine inayopoza moshi wa kawaida. Unataka ukumbi uliofungwa. Coco Beach upepo wa bahari unaufagia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Na ndani ya ukumbi usizidishe: barafu kavu inatoa kabonidayoksaidi inayotuama chini, mbaya kwa dansa anayelala sakafuni, na sakafu inateleza. Kuhusu projekta, ile ya vikao yenye lumeni 3,000 hadi 5,000 haitoshi kwenye uwanja wenye taa za vibanda vya chipsi. Itafifia, na katuni yako itakuwa doa.

Hata wenye pesa hukwama. Shindano la 2022 lilipofanyika Turin, jukwaa lilikuwa na jua la matao yaliyotakiwa kuzunguka. Hayakuzunguka kama ilivyopangwa, yakaachwa yamesimama, na nchi zilizokuwa zimejenga shoo juu yake zikalazimika kubadili mipango wiki za mazoezi. Wazo lililosimama juu ya mota moja halina pa kushukia.

Kasoro za huduma yenyewe. Tafsiri ya Kiswahili hakuna. Video ni ile iliyokatwakatwa kwa ajili ya televisheni. Picha moja pana ya jukwaa zima, ambayo fundi angeilipia, hupewi. Hazina ya zamani ina mapengo: shindano la kwanza, Lugano 1956, limebaki zaidi kwa sauti, na picha iliyopo ni ya mshindi akirudia wimbo. Wanaotafuta Afrika watapata nchi moja mara moja tu, Morocco 1980, Samira Bensaïd, aliyeimba Kiarabu na kupata pointi saba, zote kutoka Italia.

Bando: fainali nzima kwa ubora wa 480 inakula kama GB 2, na kwa 720 huenda ikapita 4. Vipande vya wimbo mmoja mmoja ni nafuu zaidi. Anza na Serbia 2022, halafu Uingereza 2021 mara moja baada yake, karatasi ileile.