Safari hii Nairobi tuliifuata raha

Sisi watu wa Mombasa, Nairobi huiendea shida. Mtu ana mgonjwa, au karatasi zimekwama, au mtoto anaingia chuo. Akimaliza lililompeleka, jioni hiyo hiyo anatafuta usafiri wa kurudi. Mimi nimekwenda si chini ya mara kumi na sikuwahi kuingia hata jumba moja la makumbusho. Likizo ya Agosti nikamwambia baba watoto: mwaka huu si Malindi wala Lamu, tuwapeleke watoto Nairobi, na Mama twende naye. Tukawa watano: sisi wawili, Mama, binti yetu wa kidato cha tatu na mdogo wake wa miaka tisa.

Tulipanda treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, mtoto nusu, kwa hiyo kwenda tu tulilipa 6,750. Fikeni kituo cha treni cha Miritini mapema, kwa sababu mizigo hupangwa chini kwenye mstari mbwa wa polisi waipitie wakinusa. Mama aliutoa mswala wake begini akaubana kwapani kabla mbwa hajamfikia. Viti vya daraja hilo vinatazamana na magoti yanagusana. Kwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, nakushauri umkatie daraja la kwanza kama mfuko unaruhusu. Baada ya Voi usimwache mtoto alale. Tuliwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa udongo wa kule, wamesimama karibu na reli kama wanaotusubiri tupite.

Tulikodi nyumba ya vyumba viwili Parklands, na sijuti. Makumbusho yako karibu, msikiti uko karibu, na pale Diamond Plaza chakula cha halali hakikosekani mpaka usiku. Baridi ya Agosti si ya kanga. Bebeni sweta.

Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1930, wakati huo yakiitwa Coryndon. Kiingilio tulilipia kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, basi hakikisha simu ina chaji. Nilidhani kijana wangu atapumbazwa na sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 mpaka akafa 1974. Alimwangalia, akapiga picha, akapita. Kilichomshika ni mifupa ya Kijana wa Turkana, mtoto aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande cha kwanza, mwaka 1984, kule Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana. Nilimweleza mwanangu kwamba huyu Kimeu alikuwa Mkamba wa Makueni, kule treni ilikopita jana, na kwamba alianza kazi hii ya kutafuta mifupa ya kale kama kibarua wa kuchimba. Akauliza, "Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia wataalamu wanakisia kati ya minane na kumi na miwili. Akasogea karibu, akaanza kuhesabu mbavu kwa kidole, kisha akajipapasa zake chini ya sweta. Tulikaa pale nusu saa. Baba yake alitaka tuendelee, nikamzuia.

Siku ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Nairobi Gallery iko kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ubavuni mwa Nyayo House. Mimi nilishasimama Nyayo House zamani nikifuata paspoti, nikaliona lile jengo la mawe na sikujua kwamba ndani yake mna hazina. Lilijengwa mwaka 1913. Zamani watu walikwenda pale kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo limehifadhi vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekaa kwenye cheo hicho miezi michache tu mwaka 1966. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, na mapenzi yake makubwa yalikuwa vitabu na sanaa ya Afrika. Kuna vinyago, nguo, vito na picha za kuchora, na vyumba ni vidogo kiasi kwamba huchoki. Mama alisimama mbele ya shanga nene za rangi ya asali. "Hizi nyanya yangu alikuwa nazo," akasema, "kaharabu. Ukizisugua zinanukia." Binti yangu, ambaye nyumbani humtoi kwenye simu, alimshika Bibi yake mkono wakawa wanatoka kabati moja wanakwenda jingine, yule mkubwa anaeleza na yule mdogo anauliza. Siku zote nimemsikia Mama akizungumzia mapishi na jamaa. Habari za nyanya yake na zile shanga nilizisikia pale kwa mara ya kwanza.

Mlinzi mmoja akamwambia kijana wangu kwamba hapo ndipo umbali wa kwenda kila mji Kenya unapoanzia kuhesabiwa. Alitoka nje akasimama wima. "Sasa niko sifuri," akasema.

Chakula cha jioni ya Ijumaa nitakisema kwa ukweli. Tulitaka hoteli ya kifahari, vitambaa vyeupe mezani, wahudumu wa tai, watoto wajue kukaa mahali kama hapo. Niliagiza meza kwa simu siku tatu kabla na nikasisitiza halali. Sahani zilipokuja, nyama imelala juu ya rojo jeusi linalong'aa, Mama akamwuliza mhudumu, "Mwanangu, rojo hili limetiwa nini?" Kijana akasita. Nyama ilikuwa halali kweli, lakini rojo lilipikwa kwa mvinyo. Sahani tatu zikarudi jikoni. Mpishi mwenyewe alitoka, akainama mpaka usawa wa Mama, akamwomba radhi, na baada ya muda mrefu akaleta sangara wa kukaanga kwa siagi, ndimu na kotmiri. Alikuwa mzuri, ngozi imekauka ikivunjika mdomoni, ndani laini. Watoto, lakini, walishakula kapu zima la mikate na mdogo alikuwa anasinzia. Bili ilikuwa 17,400. Heshima ya mpishi yule sitaisahau, ila siwezi kusema pesa ile ilistahili. Ukiagiza, usiulize nyama peke yake. Uliza rojo, uliza supu, uliza na keki.

Jumamosi tulikwenda Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1952. Kulikuwa na kikundi kinachoigiza tamthilia ya Kiswahili inayotahiniwa shuleni, ile ile ambayo binti yangu alikuwa akiilalamikia tangu Januari. Tulipata viti vya safu ya nne, unaona jasho kwenye kipaji cha mwigizaji. Mama hakuwahi kuingia ukumbi wa tamthilia maishani mwake. Mume kwenye igizo alipomdanganya mkewe, Mama akasema kwa sauti, "Mwongo huyo!" na safu nzima ikaitikia. Binti yangu midomo ilikuwa inamcheza. Maneno aliyajua, ila nadhani hakuwahi kuyasikia yakisemwa na mtu mwenye hasira au mwenye machozi. Kwenye ngazi wakati wa kutoka aliniambia, "Mama, kumbe yule mke hakuwa mjinga. Alikuwa anaogopa."

Jumapili tulirudi. Treni ilipopita Mtito Andei wote walikuwa kimya, nami nikadhani wamelala. Nikageuka nikamwona binti amefungua kitabu cha ile tamthilia, anasoma polepole kwa sauti ya chini, na Bibi yake amefumba macho, kichwa kimeegemea dirisha. Binti akanyamaza. Mama, macho bado yamefumbwa, akamwambia, "Rudia pale anapomjibu."