Duka la vipuri vya pikipiki Masasi linalowaandika wateja waliokosa

Kwa anayetafuta vipuri vya pikipiki mjini Masasi, duka ninalolizungumzia lipo upande wa stendi, na ingawa bei zake kwa baadhi ya bidhaa huzidi kidogo za majirani, ndilo ninalowashauri madereva na mafundi waanzie. Ukienda kutafuta tyubu, pedi za breki, plagi au waya wa klachi, mara nyingi sana utavikuta. Uhakika huo hautokani na wingi wa mtaji, kwa kuwa mjini yapo maduka makubwa zaidi. Unatokana na namna mwenye duka anavyoamua aagize lini na kiasi gani.

Biashara hii ina ugumu wake. Dereva wa bodaboda aliyepasukiwa na tyubu huku abiria akimngoja hawezi kusubiri basi la kesho kutoka Dar es Salaam. Akikosa, huvuka barabara na kununua kwingine, na mauzo hayo hayarudi. Tena hayaachi alama yoyote, maana daftari la mauzo huandika kilichouzwa tu. Ukileta tyubu sita zikaisha Jumatano, daftari litasema wiki hii zimeuzwa sita, hata kama watu wanne zaidi waliziulizia Alhamisi na Ijumaa wakaondoka mikono mitupu. Mfanyabiashara anayeagiza kwa kutazama mauzo ya wiki iliyopita ataleta sita tena, ataishiwa tena, na ataendelea kuamini kwamba Masasi inahitaji tyubu sita.

Hapa ndipo dada anayeliendesha duka hili anapowazidi wenzake. Ana daftari la pili, na kila anapolazimika kusema, "Kaka, hiyo imekwisha," huandika jina la kipuri, tarehe, na kama mteja amekubali kusubiri au ameondoka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Fundi aliyefungua injini na kukuta pistoni imekwisha atasubiri siku mbili au tatu, kwa sababu pikipiki imelala chini na hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo pistoni hazijazwi rafuni, huagizwa kwa jina la mhitaji akiwa ametoa kianzio. Tyubu na pedi za breki haziko hivyo, nazo ndizo anazozilinda zisiishe.

Kiasi cha kuzilinda nacho kina hesabu yake. Tuchukue mfano wa kukisia: ikiwa kumkosa mnunuzi mmoja wa tairi kunapoteza faida ya shilingi 6,000, na tairi moja iliyobaki rafuni inakula shilingi 500 kwa wiki kwa kufunga mtaji na nafasi, basi 6,000 gawanya kwa 6,500 (jumla ya hasara hizo mbili) ni kama asilimia 92. Duka linaloletewa mzigo papo hapo lingejaza rafu hadi kiwango kinachotosha mahitaji katika wiki 92 kati ya kila 100, lisijaribu kutosheleza zile nane zilizobaki. Ugumu huja mzigo unapochukua muda njiani, na kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Masasi kuna kama kilomita mia sita. Wataalamu wa hisabati za akiba ya bidhaa, Samuel Karlin na Herbert Scarf, walionesha mwaka 1958 kwamba pale mteja asiposubiri na mzigo ukachelewa, hakuna kiwango kimoja cha kujazia kinachofaa nyakati zote. Uamuzi bora hutegemea kilichopo rafuni na pia kila shehena iliyo njiani, na itafika lini. Dada huyu hakuhitaji milinganyo yao, lakini kabla ya kupiga simu huhesabu tairi zilizopo pamoja na zile zilizokwisha kupakiwa kwenye basi. Wengi husahau hizo za kwenye basi, wakaagiza mara mbili.

Pia huagiza kidogo kidogo kwa kiasi kinacholingana kila wiki, badala ya kungoja rafu ikauke ndipo alete shehena kubwa. Nauli ya mzigo humgharimu zaidi kwa njia hiyo, na naamini ndiyo sababu ya bei yake kuzidi kidogo. Mimi naona ni haki kuilipa. Anayepoteza siku nzima ya kazi kwa kukosa waya wa klachi amepoteza zaidi ya tofauti hiyo.

Lipo jambo moja ambalo sikuridhika nalo. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliharibu madaraja ya barabara kuu eneo la Somanga, na Lindi na Mtwara zikakatika na Dar es Salaam. Duka liliishiwa, na kwa hilo silaumu. Barabara ilipofunguka, hata hivyo, liliagiza mzigo wa kawaida pamoja na vyote vilivyoandikwa kwamba vilikosekana, kama kwamba wateja wale walikuwa bado wamesimama mlangoni. Hawakuwapo. Walikwisha kufunga tairi zilizotumika au kununua kwa majirani waliokuwa na akiba, na tairi zile za ziada zikakaa muda mrefu zikiwa zimefunga fedha ambayo ingeleta taa na beringi. Walioandikwa "ameondoka" wanapaswa kutumika kukadiria mahitaji ya wiki zijazo, wasigeuzwe deni la kulipwa. Anayestahili kujumlishwa kwenye oda ni yule tu aliyeandikwa "anasubiri".

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho kwa stakabadhi ghalani inapoanza na fedha kuingia vijijini, pikipiki nyingi hufanyiwa matengenezo kwa mkupuo, na anayetoka Nachingwea, Newala au Tunduru afike asubuhi. Kwa vipuri vya injini, apige simu kwanza na atume kianzio. Kwa tyubu, pedi na plagi, aende moja kwa moja. Akikosa chochote, asiondoke kabla hajahakikisha ameandikwa.