Uzoefu wangu: seti ya meli ya mbao ya 1:75, na skeli ilivyonichezea akili

Siku mzigo umefika nilimwambia waifu kiti yangu imekuja posta, akaniuliza kwani viti tulivyonavyo vina shida gani. Nilimaanisha kit ya Kiingereza, boksi la vipande vya kuunga meli ndogo ya mfano. Tangu siku hiyo naiita seti.

Kabla ya hii nilikuwa na ya plastiki, Titanic ya 1:700. Kwa asiyejua skeli, ni kugawanya tu, Titanic ya kweli ilikuwa mita 269, gawa kwa 700 unapata sentimita 38 na kidogo, inakaa hata juu ya friji. Nikaona poa. Kumbe kila kitu kinagawanywa, sio urefu tu! Reli ya deki yenye mita moja inakuwa milimita moja na nusu hivi, mtu mzima hafiki milimita 2 na nusu, ukipiga chafya umepoteza abiria. Boti za kuokolea nilizishika kwa kibanio cha nyusi cha waifu na mbili ziliruka chini ya kochi, mpaka leo hazijaokolewa. Siipondi hiyo skeli lakini, kampuni za Japani zilianza kutoa meli za kivita kwa 1:700 mwaka 1971 na ukitaka kukusanya nyingi uzipange zilingane huko ndo kwenyewe. Mi nilitaka moja tu, niichezee mwaka mzima, na macho yangu yashavuka arobaini.

Sasa hii ya mbao. Ni skuna, meli ya matanga ya milingoti miwili, skeli 1:75, niliagiza nje kwa duka moja ambalo sitalitaja maana bado tunadaiana. Kwa 1:75 mtu anakuwa sentimita 2 na kidogo, yaani unaweza kumchonga ukaona ana mikono. Boksi liliandikwa urefu sentimita 56, nikapima shelfu yangu, 60, nikalipa. Unajua nilichosahau? Mlingoti. Kimo ni sentimita 47 na nafasi kati ya shelfu na shelfu ni 40. Ilibidi ning'oe shelfu ya juu na vitabu vya watoto viko sakafuni tangu mwezi wa tatu. Kwahiyo pima na kimo, pima na kina maana foromali (boriti zinazoshika matanga) zinatokeza pembeni, mi siku hizi nakata kabisa kadibodi kwa umbo la meli nzima na milingoti yake naiweka pale inapotakiwa kukaa, wiki nzima, kabla sijatoa hela.

Ndani ya boksi: mkuku wa plaiwudi (uti wa mgongo wa meli), mataruma 11 yaliyokatwa kwa leza (ndo mbavu zake, yanapachikwa kwenye mkuku kama mifupa ya samaki), halafu fito za kufunika, ngozi ya kwanza mbao laini ya milimita 1 na nusu na ya pili nyembamba kabisa ya rangi ya kahawia. Mataruma yalikaa vizuri sana, hapo nawapa hongera. Ila taruma namba 4 halikuwemo, nimeandika meseji tatu, kimya. Nililikata mwenyewe kwenye plaiwudi ya fundi makabati jirani, nikachukua namba 5 kama kipimo nikalipunguza na msasa, halionekani.

Kosa lililoniuma ni langu. Nilifunika upande wa kulia wote kwanza kwa sababu nilinogewa, yaani fito inaloekwa maji dakika kumi na tano, unaipinda polepole kwenye pasi ya moto inakuja yenyewe, unaipaka gundi nyeupe, unaibana na vibanio vya nguo, raha tupu. Asubuhi naangalia kutokea omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma), mkuku umepinda kama ndizi! Fito zote zilikuwa zinavuta upande mmoja. Kitabu cha maelekezo hakisemi popote kwamba uende fito moja kulia moja kushoto, kina picha nzuri tu, na kwa seti iliyoandikwa ya wanaoanza hilo ni kosa. Niliokoa kwa maji ya moto na kitambaa, gundi nyeupe ikalainika, nikabandua fito zote nikaanza upya, mbili zikavunjika.

Alama zangu 3 kati ya 5. Mbao nzuri, maelekezo mabovu, huduma baada ya kununua sifuri.

Ningenunua tena? Hapana, lakini sio kwa hasira. Nimegundua njia ya kujenga unaichagua kwa kuangalia meli yenyewe ilitengenezwa na nini. Jahazi ni mbao, sasa uzuri wake si ndo kuona mbao zimelala juu ya taruma? Mbao za kujenga jahazi ninazo tayari, mabaki ya mninga kutoka kwa yule yule fundi makabati, na nitaenda 1:30, jahazi la mita 15 linakuwa nusu mita na foromali naweza kuifunga kwa kamba ya kweli bila miwani. Liemba, ile meli ya Kigoma ya Ziwa Tanganyika, ni chuma, kuifunika fito moja moja ni kujitesa bure maana mwisho utapaka rangi hazionekani. Hiyo unapanga mbao bapa moja juu ya nyingine kama chapati, kila moja imekatwa umbo lake, unagundisha halafu unapiga msasa mpaka ngazi ziishe. Ina mita 71 na kidogo, kwa 1:150 ni sentimita 47. Ukiifanya 1:350 ili isimame na Titanic ya skeli hiyo, inakuwa sentimita 20 pembeni ya 77, inatia huruma, wakati meli yenyewe ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa makreti, ikazamishwa 1916 na ikaibuliwa tena. Siwezi kuifanya kitoto cha mtu.

Kadibodi ya Liemba iko kwenye shelfu siku ya tano leo. Waifu ameweka vasi ya maua mbele yake, sijui kama ni jibu.